Rufaa Si Kilio cha Pili



Ndugu wasomaji, nimesomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, Unguja kwanza na kisha hapa Uingereza, na katika muda wote huo kazi yangu ilikuwa kusahihisha makosa ya watu wengine kwa wino mwekundu. Leo nimeshika kalamu kusahihisha kosa langu mwenyewe. Nilisita sana kabla ya kuandika, maana mambo ya nyumbani husitiriwa. Lakini haupiti mwezi bila ya kusikia khabari za jamaa aliyekataliwa jambo lake, ama na serikali ama na mahkama, na wengi wao naona wanataka kuishika njia ile ile niliyoishika mimi. Basi nimeona kunyamaza kutakuwa khiana.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliletwa nchi hii akiwa mdogo na sasa ni raia wake. Mwaka 2021 alikwenda nyumbani akaoa. Ndoa ilipangwa na mamake kwa desturi yetu sote tunayoijua: posa ikapelekwa, ikajibiwa, mahari yakatolewa, vijana wakaonana mbele ya wazee, kisha nikaha ikasomwa. Mpwa wangu alikaa na mkewe wiki tano akarudi kazini. Mwaka 2022 wakaomba viza ili mke aje kwa mumewe. Kipato cha mume kilitosha, kwani sharti la wakati huo lilikuwa paundi 18,600 kwa mwaka, nalo halikupandishwa kufika 29,000 mpaka Aprili 2024. Hata hivyo, mapema mwaka 2023 likaja jibu la kukataa. Afisa aliyelishughulikia ombi hilo aliandika kwamba hakuridhika kuwa ndoa hii ni ya kweli, wala kuwa wawili hawa wana nia ya kuishi pamoja.

Dada yangu aliponiletea barua ile mikono ilikuwa inamtetemeka. Yeye ndiye aliyekwenda kwa wazazi wa binti na kuomba kwa kinywa chake. Kuambiwa kwamba ndoa aliyoiposa si ya kweli ilikuwa sawa na kuitwa muongo. Akaniambia, "Kaka, si tutafute wakili?"

Nami nikamjibu, Mwenyezi Mungu anisamehe, "Wakili wa nini? Kiingereza ninakijua, ukweli tunao, na sheria si Qur'ani hata iwe na tafsiri ya wanazuoni. Niachieni mimi."

Rufaa ya kwanza katika mambo haya hupelekwa mbele ya Baraza la Ngazi ya Kwanza, ambalo Waingereza huliita First-tier Tribunal. Aliye nje ya nchi huwa na siku 28 za kukata rufaa tangu kupokea jibu lake, na aliye ndani ya nchi siku 14. Tulilipa paundi 140 ili kesi isikilizwe kwa mdomo, nami nikajifungia chumbani kutayarisha jalada la vielelezo. Niliandika barua ya kurasa kumi na tisa kumweleza jaji maana ya posa, maana ya mahari, na heshima ya ndoa katika mwambao wetu. Nilieleza pia historia ya ukoo wetu. Nikaiweka mwanzo wa jalada. Nyuma yake nikapanga cheti cha ndoa, picha, risiti za fedha alizokuwa akitumiwa bibi harusi kila mwezi, na orodha za simu na ujumbe wa WhatsApp. Sikuweka orodha ya yaliyomo. Tiketi za ndege za safari ya pili ya mpwa wangu nikaziacha kabatini, kwa kuona karatasi zimekuwa nyingi. Na maneno ya dada yangu sikuyaandika kabisa. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na afya yake ilikwisha kuwa dhaifu. Nilijiambia kwamba barua yangu inamtosha.

Siku ya kusikilizwa, Novemba 2023, mwakilishi wa serikali alimuuliza mpwa wangu alimjua mkewe kwa siku ngapi kabla ya nikaha. Kijana akajibu kwa ukweli: siku nne. Nikaona kalamu ya jaji inaandika. Nilitaka kuinuka nieleze, lakini jaji, kwa upole, akasema barua yangu ameiona.

Hukumu ilikuja baada ya wiki chache: rufaa imekataliwa. Jaji alisema hakumwamini mpwa wangu, wala hakueleza vizuri ni kwa nini. Kisha akaandika kwamba mbele yake hapakuwa na ushahidi wowote wa mawasiliano baina ya mume na mke tangu siku ya ndoa mpaka siku ya kuomba viza.

Nilipandwa na hasira. Usiku ule ule nikaanza kuandika barua nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza, nikisema tumedhulumiwa, tumedharauliwa, na dini yetu haikueleweka. Nilipofika ukurasa wa kumi dada yangu aliingia, akasimama nyuma ya kiti changu akatazama. Kisha akasema polepole, "Kaka, wewe umekwisha kusema. Sasa mwache aseme ajuaye."

Maneno hayo yalinichoma, lakini yalikuwa ya haki. Siku ya pili nikampigia simu wakili.

Wakili mwenyewe alikuwa bibi mmoja ambaye wazazi wake ni watu wa Mombasa. Kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alitupokea kwa "Shikamoo, Mwalimu," akatukaribisha tukae, kisha akafanya jambo lililonishangaza. Barua zangu aliziweka kando bila ya kuzifungua, akachukua hukumu ya jaji na kuisoma kwanza. Alipoimaliza akaanza upya, safari hii na penseli mkononi. Sisi tulikaa kimya kama watoto wa skuli wanaongoja majibu ya mtihani.

Mwisho akainua kichwa, akaniuliza, "Mwalimu, mwanafunzi akikujia kulalamika kuhusu alama zake, akakwambia kwamba amesoma sana na anastahili zaidi, utambadilishia?"

Nikasema, "La."

"Na akikwambia kwamba swali la nne alilijibu nyuma ya karatasi na wewe hukuligeuza?"

"Hapo nitalifungua daftari lake."

"Basi," akasema, "hiyo ndiyo rufaa."

Ndugu zangu, katika muda mfupi ule nilifahamu jambo ambalo kurasa zangu zote hazikunifunza. Nilidhani kwamba kukata rufaa ni kuisimulia dhulma yako mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi mbele ya mkubwa zaidi. Sivyo. Kutoka Baraza la Ngazi ya Kwanza kwenda Baraza la Ngazi ya Juu, yaani Upper Tribunal, hapana nafasi ya kuisimulia hadithi upya. Sheria iliyoyaanzisha mabaraza hayo, ya mwaka 2007, inaruhusu rufaa juu ya kosa la kisheria tu. Haitoshi kusema kwamba jaji mwingine angeamua vingine, wala haitoshi kusema kwamba umeumia. Hapana budi uonyeshe ni wapi jaji alipokosea. Pengine aliifahamu sheria sivyo, au hakutoa sababu za kutosha, au aliacha kuuzingatia ushahidi muhimu uliokuwa mbele yake. Na kwanza kabisa huna budi kuomba ruhusa ya kukata rufaa hiyo.

Wakili akaniuliza kama ulikuwapo ushahidi wowote wa mawasiliano katika jalada. Nikamwambia upo, ukurasa wa 61 hadi wa 88. Akalifungua, akahesabu kurasa kwa kidole. Zilikuwapo zote: miezi kumi na moja ya simu na ujumbe, pamoja na risiti za fedha. Akatabasamu kidogo. "Jaji ameandika kwamba haupo, nao upo. Hili tunaweza kulisimamia." Kisha akaongeza, kwa adabu lakini bila ya kunificha, kwamba jaji alipaswa kulisoma jalada lote, ila mimi nami nilizizika kurasa zile chini ya barua ndefu isiyo na orodha. Kuhusu tiketi nilizoziacha kabatini alisema haziwezi kutusaidia katika hatua hii, kwani rufaa ya namna hii kwa kawaida haipokei ushahidi ambao ungeweza kuletwa tangu mwanzo. Ni kanuni iliyowekwa katika kesi ya Ladd dhidi ya Marshall ya mwaka 1954, nayo mahkama za Uingereza bado zinaifuata.

Tulipokuwa tunaaga ndipo alipouliza swali ambalo mimi sikuliuliza. "Nani aliyeposa?"

Nikasema, "Dada yangu, huyu hapa."

"Maelezo yake yako wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Wakili akamgeukia dada yangu, akamwita Mama, akamwomba arudi ofisini akiwa na nafasi. Alisema kwamba maelezo hayo huenda yasisomwe sasa, lakini Baraza la Juu likiifuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya, ushahidi mpya utapokelewa. Basi mwezi Februari 2024 dada yangu akakaa mbele yake mchana mzima na kusema yote kwa Kiswahili: siku aliyokwenda, kanga alizochukua, nani alimfungulia mlango, mama wa binti alisema nini, na kwa nini alimchagua binti yule kwa mwanawe. Yaliandikwa kwa Kiswahili kama alivyoyasema, yakasomwa mbele yake, akayatia saini. Kisha mfasiri akayafasiri kwa Kiingereza.

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo huo, dada yangu alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Alikufa rufaa yetu haijajulikana itafika wapi. Ombi la kwanza la ruhusa lilikuwa limekwisha kukataliwa na jaji wa Ngazi ya Kwanza, na wakili alikuwa ameomba tena moja kwa moja katika Baraza la Juu, maana sheria inatoa mlango huo wa pili. Ruhusa ilipatikana mwezi wa Mei, wiki kadhaa baada ya kumzika.

Mwezi Septemba 2024 tulikwenda Field House, jengo lililoko karibu na Chancery Lane katikati ya London, ambako Baraza la Juu husikiliza kesi za uhamiaji. Wakili wetu alileta wakili mwenzake ambaye kazi yake ni kusimama barazani kujenga hoja. Hoja zao zilikuwa kurasa tatu. Hakuna aliyemuuliza mpwa wangu swali hata moja, wala hapakutajwa ukoo wetu. Mabishano yote yalikuwa juu ya aya moja ya hukumu na kurasa ishirini na nane za jalada. Mwakilishi wa serikali alisema kwamba hata kama jaji wa kwanza angezisoma kurasa zile, uamuzi ungekuwa ule ule. Jaji wa Baraza la Juu hakukubali. Alisema kwamba ushahidi ule unagusa kiini cha kesi, na haiwezekani kujua jaji angeamua nini kama angeuona. Hukumu ikafutwa, na kesi ikarudishwa isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine.

Ikasikilizwa Machi 2025. Safari hii jalada lilikuwa jembamba, lenye orodha mbele, na tiketi zimo. Mwakilishi wa serikali alirudia swali lile la siku nne, na mpwa wangu akalijibu vile vile. Jaji akasema ameyasoma maelezo ya mama mzazi, ambaye sasa ni marehemu, na kwamba kwayo ameelewa siku nne hizo zilitanguliwa na nini. Rufaa ikakubaliwa.

Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara peke yangu. Watu wa kwetu waliposikia walinipongeza, wakidhani machozi yale ni ya furaha. Mimi nilikuwa nikihesabu. Laiti ningemwandika dada yangu tangu mwanzo, laiti ningeupokea ushauri wake alipotaja wakili mara ya kwanza, huenda bibi harusi angefika na kumkuta mama mkwe wake yuhai. Sisemi kwamba ningeishinda qadari. Nasema kwamba kujiona kwangu kuliwapotezea wenzangu muda, na mwenzetu mmoja muda wake ulikuwa mfupi.

Wapo wanaoona kwamba kupinga hukumu ni utovu wa adabu, au kwamba Muislamu hutakiwa kusubiri tu. Na warejee kisa cha Nabii Daud na mwanawe Sulaiman, alayhimas-salaam, kilichotajwa katika Suratul Anbiyaa. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu wakalila. Daud akahukumu, na Sulaiman akafahamishwa hukumu iliyo bora zaidi. Mwenyezi Mungu hakumlaumu baba wala mwana, bali alisema wote wawili aliwapa hekima na ilimu. Na katika Hadithi sahihi Mtume wetu (s.a.w.) anatuambia kwamba yeye ni mwanadamu, na watu humletea magomvi yao, na huenda mmoja akawa hodari wa kuitoa hoja yake kuliko mwenzake, naye huhukumu kwa kadiri ya anavyosikia. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Mtume, jaji wa mji huu atahukumu kwa kitu gani isipokuwa kilicholetwa mbele yake, kikapangwa hata kikaonekana?

Kwa hivyo nawausia machache, nayo ni ya mtu aliyekwishaungua, si ya mwanasheria. Kwanza, itazameni tarehe ya barua kabla ya kuyasoma matusi yaliyomo ndani yake. Ruhusa ya kwenda Baraza la Juu nayo ina muda wake: siku 14 kwa aliye ndani ya nchi na 28 kwa aliye nje, tangu kupelekewa hukumu yenye sababu. Mwenye kukaa mwezi mzima akishauriana na jamaa hukuta mlango umefungwa.

Pili, msimwendee kila anayejiita mjuzi. Tunao watu wanaojaza fomu kwa fedha katika mikahawa na nyuma ya maduka. Tangu sheria ya mwaka 1999, kufanya biashara ya kutoa ushauri wa uhamiaji bila ya kuwa wakili au kuandikishwa ni kosa la jinai. Chombo kinachowasimamia washauri hao kilibadilishwa jina Januari 2025 na sasa huitwa Immigration Advice Authority. Daftari lake liko wazi na jina huulizwa bure.

Tatu, ulizeni gharama mapema na mzipate kwa maandishi. Katika England na Wales, tangu Aprili 2013 msaada wa serikali wa kulipia wakili haupatikani kwa kesi nyingi za ndoa na familia katika uhamiaji. Sisi tulichanga ukoo mzima, na mpwa wangu akafanya kazi za usiku kwa mwaka na zaidi. Na wakili akikuahidini ushindi, ondokeni. Wetu hakutuahidi hata siku moja. Alisema tu, "Hoja hii ina nguvu, na hii haina."

Nne, mpelekeeni wakili karatasi zote na ukweli wote, hata ule unaotia haya. Yeye ndiye wa kuchagua kipi kiingie.

Na la mwisho, waandikeni mama zenu. Msiseme huyu hajui Kiingereza, au huyu mgonjwa, mwacheni apumzike. Mengi ya haki zetu yamo vifuani mwa watu wasioulizwa. Yaandikeni kwa lugha yao, na mfasiri atafutwe baadaye.

Mke wa mpwa wangu alifika Julai 2025. Alipokwisha kuamkia wakubwa na kunywa chai, aliniambia, "Mjomba, nipelekeni kwa mama." Tukaenda makaburini sote watatu. Alisimama akamwombea dua. Nami nilipopata nafasi nilimwambia dada yangu, kwa sauti ya chini, kwamba nimemwacha akasema ajuaye.

Wassalaam alaykum.

Mwalimu mstaafu